Uthibitishwe na nani?

Shikamoo Dada,

Mimi ni msanifu majengo, nina miaka 31. Nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na huu ni mwaka wangu wa pili tangu nianze kujitegemea. Ofisi yangu iko Kimara. Tuko wawili tu, mimi na kijana mmoja anayenisaidia kuchora.

Mwaka jana nilipata kazi ya nyumba ya ghorofa moja, vyumba vinne, Kibaha. Wenye nyumba ni mume na mke, watumishi, wanaishi Dodoma. Tulikubaliana shilingi milioni 9 kwa michoro yote. Mume aliniambia, "Sisi tunataka kumjua mtu mmoja tu. Mambo ya mainjinia mtamalizana wenyewe." Nilifurahi, nikaona ananiamini.

Injinia niliyemwita nilisoma naye chuo kimoja, tunaitana ndugu. Nilimpigia simu nikiwa kwenye daladala. Nikamwambia kuna ghorofa Kibaha, utanifanyia miundo kwa kiasi gani? Akasema milioni 2 na nusu. Nikasema sawa, nikamtumia milioni 1 kwa simu siku hiyo hiyo. Huo ndio mkataba wetu, Dada, hakuna mwingine. Kilichoandikwa ni jumbe za WhatsApp tu.

Michoro yake ilichelewa wiki tano. Ilipokuja, boriti ya sebuleni yenye urefu wa mita 7.2 ilikuwa na kina cha milimita 600. Mimi nilichora mita 3 kutoka sakafu hadi sakafu, kwa hiyo chini ya boriti inabaki mita 2.4 kabla hata ya dari. Isitoshe, boriti ilipita pale pale linaposhuka bomba la choo cha juu, lile la milimita 110. Nikamwomba arekebishe. Akasema hiyo ni kazi mpya, anataka laki 6 zaidi. Kwa kuwa halmashauri walikuwa wanasubiri michoro, nikamlipa laki 3 kutoka mfukoni mwangu ili kazi iende. Akarekebisha, kibali kikatoka.

Sasa mkandarasi amechimba mitaro ya msingi. Udongo uliotoka ni mweusi, unanata kwenye koleo kama unga wa ugali uliokosa moto. Mvua imenyesha, mitaro imejaa maji. Mkandarasi amegoma kumwaga zege mpaka injinia aje aone. Injinia anasema hakulipwa kwenda saiti, na kwamba kwenye mchoro wake ameandika wazi: "Uwezo wa udongo umekadiriwa kilonyutoni 150 kwa mita ya mraba, uthibitishwe saiti." Kweli, maneno hayo yapo, chini kabisa pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote. Anataka kwanza milioni 1 na nusu yake iliyobaki. Wenye nyumba wameshanilipa milioni 6, wanasema milioni 3 za mwisho hawatoi mpaka "injinia wako" atatue hili. Mkandarasi naye anahesabu siku za vijana kukaa bure.

Jambo dogo la mwisho: muhuri ulio kwenye michoro ya miundo si wa rafiki yangu. Yeye bado ni mhandisi mhitimu, hajapata usajili wa mhandisi mtaalamu, kwa hiyo alimwomba bosi wake amgongee.

Nani ana makosa hapa? Nimlipe kwa pesa yangu yaishe? Na siku nyingine, niwaache wateja wamtafute injinia wao wenyewe? Naogopa kumpoteza rafiki na mteja kwa mpigo.

Msanifu wa Kimara

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya mambo ya mkataba, zege lisimwagwe. Mkandarasi wako amefanya jambo la maana sana kusimama, na kabla hujamalizana na yeyote mwambie hivyo kwa maandishi. Baadhi ya maeneo ya Kibaha yana mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Pita mitaa ile wakati wa kiangazi utaona nyumba nzuri zenye ufa unaoanzia pembe ya dirisha na kupanda kimshazari hadi kwenye linta. Ile namba ya 150 aliyoandika rafiki yako inakadiria udongo unabeba uzito kiasi gani. Haisemi udongo utavimba kiasi gani masika ikija. Hata ukithibitisha 150, bado hujajibu swali ambalo udongo mweusi unakuuliza. Udongo huo upelekwe maabara, na kipimo cha kuvimba kiwemo.

Gharama ya kipimo ni ya mwenye nyumba. Usiibebe wewe, wala usimbebeshe injinia. Udongo ni wa kiwanja chake, ulikuwepo kabla yenu, na kipimo kingefanyika tangu mwanzo angekilipia yeye. Siku zilizopotea ni habari nyingine, na hapo wewe na injinia mna sehemu yenu.

Sasa lile uliloliita jambo dogo. Nimelisoma mara tatu. Mdogo wangu, katika barua yako yote hilo ndilo kubwa kuliko mengine.

Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, mhandisi mhitimu hufanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mtaalamu. Kwa hiyo bosi kugonga muhuri si kosa lenyewe. Kinachoamua ni kama alizikagua hesabu. Kama alikaa na karatasi zile, akapitia mizigo, akaangalia nondo za ile boriti ya mita 7.2, basi mshauri wako wa miundo ni yeye bosi, na tangu siku ile ya daladala ulikuwa unaongea na msaidizi wake. Mkataba ulipaswa kuwa na ofisi ya bosi, fedha ziende huko, na leo simu ya udongo impigie yeye. Kama aligonga tu ili kumsaidia kijana wake, basi nyumba hiyo haina injinia. Ina michoro na wino.

Mwaka 2013, tarehe 29 Machi, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam na watu zaidi ya 30 wakafa. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwemo wahandisi. Nyumba yako ni ndogo kuliko ile, lakini familia italala chini ya slabu hiyo. Mpigie bosi leo, si kesho. Mwulize swali moja tu: je, hesabu za nyumba ya Kibaha umezikagua wewe mwenyewe? Akisema ndiyo, aandike barua fupi na aje shimoni. Akisitasita, tafuta mhandisi mtaalamu mwingine azipitie upya kabla ya kitu chochote kuendelea, na gharama hiyo, kwa uchungu, ni yako. Ulikubali muhuri bila kumjua mwenye muhuri.

Nikishayasema hayo, turudi kwenye swali lako la nani mkosaji. Jibu limekaa kwenye lile neno dogo pembeni mwa mchoro: uthibitishwe.

Uthibitishwe na nani? Kiswahili kinaturuhusu kuficha mtendaji ndani ya kitenzi, na kila aliyesoma neno lile alimwona mtendaji aliyemtaka. Rafiki yako alisoma "uthibitishwe na msanifu." Wewe, kama uliliona, ulisoma "uthibitishwe na injinia." Mkandarasi alisoma "uthibitishwe na washauri." Wenye nyumba, ambao hawakuliona kabisa, walidhani milioni 9 zimeshathibitisha kila kitu. Watu wanne waaminifu, neno moja, na shimo limejaa maji.

Kwa hiyo simwoni mwongo kati yenu. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na jumbe zenu za WhatsApp zinaweza kupokelewa kama ushahidi tangu ilipokuja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Mkataba upo. Shida ni kilichomo: "miundo, milioni 2 na nusu." Humo hamna udongo, hamna saiti, hamna marekebisho, hamna tarehe. Rafiki yako akisema kwenda saiti hakukuwemo, anasema kweli. Ila upande wa juu, kati yako na wenye nyumba, neno ni "michoro yote", na mume alisema wazi kwamba ya mainjinia utamaliza wewe. Kwao wewe ndiye unayejibu. Wewe umeahidi kila kitu juu, ukaahidiwa kidogo chini, na pengo lililobaki katikati umelikalia peke yako.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Msanifu akimwajiri injinia, mkataba wa chini lazima ushonwe kwa kipimo cha mkataba wa juu. Kila ulichomwahidi mwenye nyumba kuhusu miundo, injinia awe amekuahidi wewe, kwa tarehe inayotangulia yako kwa siku chache, na kwa malipo yanayofuata yako kwa siku chache. Wasanifu wa Marekani, kupitia chama chao cha AIA, wana fomu maalumu ya msanifu na mshauri wake, inaitwa C401, na imejengwa juu ya wazo hilo hilo: mshauri anafungwa kwa msanifu kama msanifu alivyofungwa kwa mwenye mradi. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, nao wana mkataba wa mshauri mdogo. Zote mbili ni nzito kwa nyumba ya vyumba vinne, sikushauri uzinakili. Kurasa tatu za Kiswahili ambazo nyote mmezisoma zitakulinda kuliko kurasa 30 ambazo hakuna aliyefungua.

Katika kurasa hizo tatu, usiruhusu kitenzi chochote kisicho na mwenyewe. Futa "uthibitishwe," "ukaguliwe," "iratibiwe." Andika hivi:

"Mwenye nyumba atalipia kipimo cha udongo. Msanifu atakipanga na kukabidhi matokeo kwa Mhandisi kabla Mhandisi hajaanza hesabu za msingi. Mhandisi ataamua idadi ya mashimo, kina chake na vipimo vinavyotakiwa."

Sentensi tatu tu. Zingekuwepo, leo usingeniandikia.

Na za saiti: "Mhandisi atafika saiti mara nne: kuona udongo mitaro ikishachimbwa, kukagua nondo za msingi, kukagua nondo za nguzo, na kukagua nondo za boriti na slabu kabla ya zege. Msanifu atamwarifu saa 48 kabla. Safari ya ziada italipwa shilingi kadhaa, nauli ikiwemo." Jaza hiyo kadhaa kwa namba. Kama mwenye nyumba hataki kulipia safari hizo, sawa, ni haki yake, lakini aandike kwamba amekataa na kwamba atamtafuta msimamizi mwingine. Nimeona watu wakibadili mawazo papo hapo wanapoombwa kuandika sentensi hiyo kwa mkono wao.

Kuhusu boriti na zile laki 6, nakuuliza: ulimpa ramani ya toleo gani? Kama choo cha juu kilikuwa pale pale siku anaanza, na bomba likionekana, basi kulikwepa lilikuwa sehemu ya kazi yake na hakustahili hata senti ya ziada. Kama ulihamisha choo baada ya yeye kuanza, alistahili. Kama ramani uliyompa haikuonyesha mabomba kabisa, nyote wawili mlikuwa mnachora gizani. Na kuhusu kina, boriti ya zege ya mita 7.2 iliyoegemea nguzo mbili kuwa na milimita 600 si ubishi wa injinia, ni moja ya kumi na mbili ya urefu wake, kipimo cha kawaida cha kuanzia. Hilo lilikuwa la kuulizwa kwa simu ya dakika tano wakati sebule bado ni mstari wa penseli. Ungeongeza urefu wa ukuta, au ungekubali nguzo moja karibu na meza ya chakula, na nyumba ingebaki nzuri.

Nasema hivi kwa sababu limenikuta. Miaka mingi iliyopita, nyumba fulani Mbezi, mwenye nyumba alihamisha ngazi kutoka kushoto kwenda kulia. Nikarekebisha ramani, nikamtumia injinia faili lenye jina lile lile la mwanzo. Akapokea, akadhani ni lile lile, akaendelea na la zamani. Slabu ikamwagwa ikiwa na tundu la ngazi upande usiokuwa na ngazi. Siku tatu vijana walikuwa juu ya slabu na mashine ya kuvunjia zege, vumbi limewafunika nyusi, nondo zikitokeza moja moja. Kuvunja na kujenga upya nililipa mimi, kwa sababu kwa mwenye nyumba mimi ndiye niliyekuwa nimesaini. Tangu hapo kila ramani inayotoka mezani kwangu ina namba ya toleo na tarehe, na mkataba wangu na injinia unasema: "Mhandisi atafanya hesabu kwa Toleo lililotajwa hapa. Msanifu akibadili jambo linalogusa miundo baada ya hapo, watakubaliana malipo kwa maandishi kabla Mhandisi hajaanza kurekebisha. Kugongana kwa boriti na kitu kilichokuwemo katika Toleo hili ni jukumu la Mhandisi kurekebisha bila malipo." Nalo tundu la bomba kwenye boriti lisiachwe kwa fundi kamwe. Fundi akikuta bomba halina njia atachukua grainda, na atakata pale penye nondo.

Tuje kwenye pesa, na hapa sitakuficha. Wenye nyumba wamekulipa milioni 6 kati ya 9, yaani theluthi mbili. Theluthi mbili ya milioni 2 na nusu ni takriban milioni 1 na laki 6 na elfu 67. Ukiacha zile laki 3 za marekebisho, rafiki yako ana milioni 1 tu mkononi. Kuna karibu laki 6 na elfu 67 za kwake ambazo zimekaa kwako, au zimeshaenda kwenye kodi ya ofisi. Najua ofisi changa zinavyoishi. Lakini ukimwambia "subiri mwenye nyumba alipe," sehemu ya alicholipa mwenye nyumba tayari unayo. Mpe hiyo wiki hii. Utaona sauti yake inabadilika, na utakuwa umesimama mahali pazuri pa kumwambia kwamba iliyobaki itafuata malipo ya Dodoma.

Kifungu cha "nikilipwa ndipo nikulipe" si dhambi, ni cha kawaida katika nchi nyingi. Ila kina haki yake. Andika kwamba utamlipa ndani ya siku 7 tangu upokee awamu inayohusu kazi yake, kwa uwiano ule ule, na kwamba ataonyeshwa tarehe uliyopokea. Kisha weka mpaka: mwenye nyumba akichelewa kukulipa kwa kosa lako wewe, injinia asiadhibiwe nalo. Na kama injinia amekamilisha kazi na siku 90 zimepita bila kulipwa, awe na ruhusa ya kusimamisha hatua inayofuata bila kuitwa msaliti.

Kuna na kodi, ambayo wengi wa rika lako wanaisahau. Ofisi yako ikimlipa injinia mkaazi ada ya huduma ya kitaalamu, unatakiwa kuzuia asilimia 5, kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na kumpa cheti chake. Kwa zile laki 6 na elfu 67 ni kama elfu 33. Usipoizuia, TRA watakudai wewe. Mwambie mapema, asione umemkata kwa hasira.

Siku nyingine ufanyeje: umwajiri wewe au wenye nyumba? Wenye nyumba wako waliposema wanataka kumjua mtu mmoja, walimaanisha mtu mmoja wa kuongea naye. Wewe ukawapa mtu mmoja wa kubeba mzigo wote. Ungeweza kuwapa la kwanza bila la pili: mkataba wa miundo wasaini wao na injinia moja kwa moja, na wako useme kwamba wewe ndiye mratibu, kila mchoro unapita kwako, kila swali linakuja kwako. Kwa nyumba za watu binafsi, na hasa kwa ofisi ya watu wawili isiyo na bima ya dhima ya kitaaluma, mimi naegemea huko waziwazi. Ada yako ya milioni 9 haiwezi kubeba msingi uliopasuka. Pia mwenye nyumba akimlipa injinia mwenyewe, hakuna anayehesabu fedha zilizokaa mfukoni mwa mwingine.

Ila usifanye hivyo kwa kukimbia. Wapo wateja ambao wakiachiwa injinia watachukua wa bei ya chini kabisa, na wewe utachora ukimsubiri mtu ambaye huwezi kumwamuru. Kwa hiyo pendekeza majina mawili au matatu unayoyaheshimu, hakikisha usajili wao Bodi ya Wahandisi kabla ya kuyataja, waache wachague. Na ukiona mradi unakuhitaji uwe mwajiri wa injinia, kwa mfano wateja wako mbali kabisa, basi mwajiri, lakini uwalipishe kwa hilo. Uratibu ni kazi. Milioni 9 yako haikuwa na hata shilingi ya kubeba makosa ya mtu mwingine.

Mengine nayapitisha haraka. Andikeni nani anamiliki faili za mchoro na kwamba injinia atakupa nakala. Hesabu zake zote zikabidhiwe pamoja na michoro, na uzihifadhi si chini ya miaka 6, kwa sababu huo ndio muda ambao mtu anaweza kudai mahakamani kwa mkataba chini ya Sheria ya Ukomo. Mkigombana, mkae kwanza na mtu mzima wa fani mnayemkubali wote, na ikishindikana muende kwenye usuluhishi. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu.

Kuhusu urafiki wenu. Huenda uliogopa kwamba kuandika kungekuwa kumwonyesha humwamini. Mimi naona ni kinyume. Hivi sasa yeye anaamini umemdhulumu, na wewe unaamini amekutelekeza, na nyote mnatoa ushahidi wa neno moja lenye herufi ndogo. Usimpigie simu ukiwa na hasira, wala usiongee naye kwenye kundi lenye mkandarasi. Nenda ofisini kwake, na bosi wake awepo. Mwambie hivi: "Ndugu yangu, nilikuwa na fedha yako nikachelewa kuitoa, hii hapa. Hatukuandika nani anaangalia udongo. Tuandike leo, kuanzia hatua hii, na safari ya shimoni nitailipia." Hiyo safari moja ilipie kwa pesa yako. Hukudaiwa kisheria, ila umechangia kumfikisha alipofika, na itakugharimu kidogo kuliko siku mbili za vijana wa mkandarasi kukaa bure.

Kwa Dodoma, andika leo, kabla hawajasikia kwa fundi. Usiwafiche muhuri, kwa maana wakiujua kwa njia nyingine hutakuwa na neno la kusema tena. Unaweza kuandika: "Tumesimamisha zege kwa sababu udongo uliochimbwa haufanani na ule uliokadiriwa kwenye hesabu. Kipimo kinahitajika, kitachukua siku kadhaa, gharama yake ni hii. Nimegundua pia kwamba ukaguzi wa hesabu za miundo unahitaji kuthibitishwa na mhandisi mtaalamu, na hiyo nitaigharimia mimi. Msingi unaweza kubadilika. Ni bora ubadilike kwenye karatasi." Watakasirika. Mume anaweza kukupigia usiku na kupaza sauti. Msikilize mpaka amalize. Milioni 3 usiitaje kwenye barua hiyo. Itaje msingi ukishakaguliwa.

Na vijana wa saiti wasikae bure kabisa. Wachote maji kwenye mitaro, wafunike kwa turubai, na wachimbe shimo la majaribio pembeni, nje ya mstari wa msingi, mahali ambapo maji hayajatuama na koleo halijachezea udongo. Wa maabara wakifika watataka kuchukua sampuli pale.